Kengele kwa Kila Mbuzi

Ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, najua mmekaa hapo ili mtoroke kabla ya sadaka. Kaeni tu. Mfano wa leo utawafunga miguu. Nimeutunga mwenyewe, na ni mtamu kuliko pilau la harusi, kwa hiyo atakayekwenda kuusimulia kwingine aseme alipoutoa. Tumeelewana? Haya.

Palikuwa na mfugaji mmoja wa mbuzi, katika nchi kavu ya miiba na vumbi jekundu. Mtu mwenye afya zake, tumbo limetangulia, sauti imetangulia zaidi. Mbuzi wake walikuwa wengi, tena wanono, na hilo si kosa. Mungu akikupa mbuzi ufanyeje, uwafukuze? Shida ya yule bwana ni kwamba kuwa nao hakukumtosha. Alitaka na wewe ujue kwamba anao.

Sasa mnajua wafugaji wanavyofanya. Kundi huwa na beberu mmoja anayetangulia, na huyo ndiye huvishwa kengele shingoni, ili wenzake wamfuate na mchungaji asiwapoteze vichakani. Kundi zima, kengele moja. Yule bwana akaitazama ile kengele moja, akaona ni umaskini. Akakusanya majembe mabovu, akampelekea fundi wa vyuma.

"Nifulie kengele za kuwatosha wote."

Fundi akadhani amesikia vibaya. "Wote, bosi? Hata vitoto?"

"Hata vitoto. Na vilivyo tumboni uviweke akilini."

Basi siku kundi lile lilipotoka na kengele zake, ndugu zangu, ilikuwa balaa. Kwaya yetu ikiimba bila mazoezi, yaani kama Jumapili iliyopita, bado haiifikii ile kelele. Kina mama wanaopalilia waliacha majembe wakasimama. Kuku walipanda juu ya mapaa. Na mwenye mali akapita katikati ya kijiji amenyoosha shingo, utadhani na yeye kavishwa.

Ng'ambo ya korongo aliishi mama mmoja mjane. Vimbuzi vyake vichache, vyembamba, akivichunga mwenyewe kwa fimbo na kibuyu cha maji. Siku ile akasimama ukingoni, akainua mikono yote miwili, akafungua mdomo, akapaza sauti. Yule bwana hakusikia hata neno moja. Lakini alielewa. Si anasifiwa? Akampungia mkono kama mbunge, akapita. Kesho yake mama yule tena, mikono juu, mdomo wazi. Bwana akampungia tena, safari hii na tabasamu. Jioni akamwambia mkewe, "Yule mjane wa ng'ambo anazipenda kengele zangu mpaka namwonea huruma."

Kisha kengele zikamletea wazo lingine. Alikuwa na kijana wa kuchunga, amemwajiri, akamwachisha kazi. "Wewe wa nini tena? Mimi nikikaa hapa barazani nasikia kila kitu. Wakilia mashariki, wako mashariki. Wakilia kisimani, wako kisimani." Ikawa kila asubuhi anafungua zizi, mbuzi wanakwenda zao, na yeye anakaa kitini na kikombe chake cha chai, anasikiliza utajiri wake unavyolia porini. Mnacheka? Subirini kwanza.

Nchi ile ilikuwa na mbwa mwitu tangu enzi na enzi. Mnawajua wale? Wana madoa, kama mtu alianza kuwapaka rangi akaitwa kula akasahau kurudi. Na masikio yao ni makubwa, ya mviringo, kama visahani. Wao walikula swala, wakawaacha watu. Watu walikula ugali, wakawaacha mbwa. Hawakuandikiana mkataba, lakini hakukuwa na kesi.

Msimu ule kesi ikaanza. Jioni moja mbuzi jike hakurudi. Baada ya siku chache, mwingine. Kisha wakawa wanapotea wawili kwa pamoja, na mwenye mbuzi akienda porini anaokota kengele tupu kwenye nyasi zilizolala. Akaacha chai. Akaacha na ugali. Maana lile kundi, pamoja na majivuno yake yote, ndilo lililomlisha na kumlipia binti yake shule, na sasa lilikuwa linayeyuka huku akilisikiliza. Usiku hana usingizi, mchana hana raha. Na mtu wa namna hiyo hutafuta nini? Hutafuta wa kumlaumu.

"Wale mbwa wana mwenyewe," akamwambia mkewe. "Mbona mbuzi wa mjane hawaguswi? Si wanapita pori lile lile?"

"Baba Sechelela, labda ni kwa sababu anakwenda nao."

"Anakwenda nao! Na kile kibibi kikikutana na mbwa kitafanya nini? Kimpige na kibuyu?"

"Basi nenda kamuulize."

"Nimuulize mchawi uchawi wake? Nitamuuliza mbele ya mkutano wa kijiji, watu wote wasikie. Lakini kwanza nawamaliza hao mbwa wake."

Mke alijua kijijini kwao mama mjane akishaitwa jina hilo mkutanoni, halimtoki tena.

Yule bwana akachukua paja la mbuzi, akalipaka sumu hadi mfupani, akashika njia ya porini jua likiwa utosini. Akapanda juu ya kichuguu, akachungulia. Na kweli, mbwa mwitu hao hapo, chini ya mgunga, wamelala kivulini wamejazana kama wageni wa msiba. Akatafuta mahali pa kulirusha lile paja.

Mara akasikia kwato. Ni yule mama mjane, anakuja na vimbuzi vyake, fimbo begani, anajiimbia chini chini. Njia yake inapita umbali wa kutupa jiwe tu kutoka kwenye ule mgunga. Bwana akajibana kwenye kichuguu. Akajiambia, leo namfumania, leo atawaita kwa majina.

Mama akapita. Mbwa mmoja akafumbua jicho. Akamtazama mama, akaitazama fimbo, akalifumba jicho lake. Basi. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeitika.

Bwana bado anashangaa, kwa mbali ikaanza: ngolo, ngolo, ngolo-ngolo-ngolo. Mbuzi wake wanakuja, peke yao.

Sikio moja likasimama. Likasimama la pili. Halafu masikio yote yakasimama kwa pamoja, kama ninyi mnavyosimama mkisikia mifuniko ya sufuria nyuma ya kanisa. Mbwa wakainuka, wakajinyoosha, wakaanza kurukiana na kulambana midomo. Ndugu zangu, wale mbwa walifurahi! Walikuwa wameitwa mezani. Na aliyewaita yuko juu ya kichuguu, na paja la sumu mkononi, jasho linamtoka. Kila siku iendayo kwa Mungu alikuwa anawapigia kengele ya chakula, tena kwa chuma chake mwenyewe.

Akateremka. Sisemi alikimbia, maana tumbo lile halikuwa la kukimbia; lilijirusha, naye akalifuata. Akapita katikati ya miiba, shati likabaki mtini, akipiga kelele na kuzungusha lile paja kama rungu. Mbwa wakasimama wakamwangalia. Fikirieni na ninyi ndio mbwa: unakwenda zako kula, linakutokea jitu kifua wazi linanguruma. Walishauriana kidogo kwa macho, wakageuka, wakarudi kivulini kwao. Swala hawajaisha duniani.

Bwana akabaki katikati ya mbuzi wake, anahema. Akaliweka lile paja juu ya jiwe, mbali nao, akaanza kufungua kengele. Shingo hii, shingo ile. Kamba iliyomshinda, akaijaza kengele yake nyasi mpaka ikanyamaza. Beberu peke yake akamwachia ya kwake.

Pori likatulia. Tangu msimu uanze hakuwahi kusikia utulivu ule. Alisikia mbuzi wanavyotafuna. Alisikia njiwa. Alisikia upepo kwenye mgunga. Na akasikia sauti ya mtu ikitokea ukingoni mwa korongo. Akageuka: mama mjane, mikono yote miwili juu, mdomo wazi, kama siku zote, hajui kwamba kengele zimeshavuliwa.

"Zivueni hizo kengele, jamani! Mwanangu, zivue, zinawaita mbwa!"

Yule bwana akakaa chini.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "umeanza lini kusema hivyo?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Koo langu limekauka. Na wewe kila siku unanipungia mkono! Nikasema, huyu baba ananisikia vizuri, ila ni jeuri."

"Sikusikia, mama. Nilidhani unanisifu."

"Nikusifu kwa lipi?" Mama akacheka mpaka akaegemea fimbo. Halafu akaliona lile paja juu ya jiwe. "Na hiyo nyama unampelekea nani?"

Bwana akainamisha kichwa. "Simpelekei mtu. Naomba unisaidie kuchimba shimo."

Wakachimba kwa fimbo na mikono, chini sana, wakafukia, wakapanga mawe juu. Na ule mkutano wa kijiji haukuitishwa.

Haya, sasa nawaona. Mnangoja niseme mbwa mwitu ni shetani, mpige makofi tukale. Sisemi. Leo mbwa mwitu ni mbwa mwitu, na Mungu kamwumba na masikio yake. Wako pale pale chini ya mgunga hadi sasa, hakuna aliyeokoka. Yule bwana anapita na mbuzi wake, kwa miguu yake, fimbo mkononi. Anawatazama, wanamtazama, kila mtu anakwenda zake. Na jioni anakula ugali wake anaumaliza.

Swali langu ni kwetu sisi. Sisi tunaokesha tukimwomba Mungu awachome adui zetu kwa moto: kengele nani alizifunga? Mmenunua kochi, picha mtaa mzima. Mmeuza mahindi, mpaka bodaboda wa stendi wanajua. Mtoto kapata kazi, spika imegeuziwa dirisha la jirani. Mwizi akija, mnauliza nani katuroga! Mama wa watu, hata njia ya nyumbani kwako haijui, umeshamwita mchawi kwa kuwa mbuzi wake wamerudi salama. Na wewe dada wa kofia nyekundu, usimwangalie mwenzako, nasema na wewe.

Halafu mwisho kabisa, tuinuke. Katika kelele zetu hizi zote, kuna mtu leo yuko ng'ambo yetu, mikono juu, mdomo wazi, anatupigia ukelele kwa ajili ya mbuzi wetu. Tuache kumpungia. Tunyamaze tumsikie.