Waya Mmoja, Fremu Tatu

Nawapa hadithi, na hadithi yangu haina sukari. Mwenye meno aitafune, kibogoyo aimeze nzima.

Kwemasimba palikuwa na jengo la fremu tatu, kila fremu na mtu wake. Sechonge, kinyozi wa mashine ya umeme, alijaliwa jicho: maandishi madogo kama mayai ya chawa aliyasoma bila miwani. Mwanjaa, fundi wa cherehani ya umeme, alijaliwa subira ya kukaa: akikalia benchi, litachoka benchi. Semeni, muuza mtindi na barafu, alijaliwa ulimi. Huyo angemwomba fisi mfupa, akapewa na nyama juu yake.

Wote walikuwa na midomo ya kulisha, lakini Semeni ndiye aliyekuwa ukingoni kabisa. Kabla ya kupata friza lake alikuwa akiponda kokoto, na kucha mbili alizoziacha machimboni hazikuota tena. Friza likizimika, anarudi kwenye nyundo, na mgongo wake hautamaliza mwaka. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Jengo lilikuwa la Mzee Mhina, mwenye mashine ya kusaga. Alipokufa, hata matanga hayajapoa, warithi waliuza mashine kwa kilo kama chuma chakavu. Mita yake kubwa ikabaki ukutani. Mita ile ilikuwa na ada ya kila mwezi, utumie umeme usiutumie. Enzi zake aliilipa mwenyewe kimyakimya. Sasa iliwaangukia wapangaji, nao wakaiita pesa ya kulala, maana iliwatoka hata wakiwa wamelala. Mwezi ukiandama unanunua umeme, mita inakula kwanza. Kinachobaki kinamnyoa mtu upande mmoja wa kichwa.

"Tuzime swichi kubwa mwezi mzima," Mwanjaa akasema. "Tusipoutumia, watatudai nini?"

Wakazima. Semeni akagawa mtindi wake bure kabla haujaharibika. Mwezi ulipokwisha wakawasha, na mita ikala ya miezi miwili kwa mpigo mmoja. Watu wazima watatu, na hata mmoja hakuuliza kwanza!

Hapo Sechonge akafunga fremu yake, akakaa na karatasi za umeme za marehemu siku nne. Wateja wakaja, wakaondoka na nywele zao. Siku ya tano akapiga kelele.

"Dada Semeni, njoo uone! Sisi tunalipa kama mashine! Tukiandikwa biashara ndogo, pesa ya kulala haipo!"

Bila jicho lile, wangelipia kinu cha maiti mpaka nao wawe maiti.

Mwanjaa akaenda ofisi ya umeme kuomba mita ndogo. Akaambiwa njoo kesho. Akaja kesho. Akaambiwa mtandao hakuna. Akatoa sindano, akaanza kupinda kanga za watu palepale benchini. Siku ya kumi na moja karani akamwuliza, "Mama, wewe huna kwenu?"

"Ninako. Ila kuna giza."

Akampa fomu ili amwondokee. Bila makalio yale, fomu ingeozea kwenye droo.

Lakini fomu ilitaka dole gumba la mwenye mita, mbele ya karani, mwisho Ijumaa. Mwenye mita alikuwa kaburini. Mrithi wa jengo ni mjane wake, Bi Kilua, naye alikuwa edani: hatoki nje, wala haonani na mwanamume asiye ndugu yake, na eda ilikuwa imebakiza siku hamsini.

Semeni akaanza kwa mjane. "Bi Kilua, dole tu, si mguu."

"Semeni, nivunje eda ya mume wangu kwa ajili ya barafu yako?"

Akageukia ofisini. "Humu mnaye mwanamke hata mmoja anayejua kuandika?"

"Tunaye," mkuu wa ofisi akajibu.

"Basi mpandisheni pikipiki aje kwa mjane. Au na yeye yumo edani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, mkuu akatahayari. Alhamisi karani wa kike akafika na wino, Bi Kilua akabonyeza dole. Bila ulimi ule, fomu ingekuwa ya kufungia karanga.

Jumamosi fundi wa umeme akaja. Akaing'oa mita kubwa, akaitupia garini, akatundika ndogo. Semeni akapiga kigelegele. Fundi akamkatiza.

"Hii ni ya fremu moja. Fomu moja, mita moja, mlango mmoja. Nikikuta waya umechepukia kwa jirani, nakata hata huo."

"Na wawili waliobaki?" Semeni akauliza.

"Waombe upya, wasubiri nguzo."

Nguzo! Walioziomba kabla yao, wengine walishazikwa.

"Basi turudishie ile kubwa," Sechonge akasema.

"Imeshafutwa. Semeni, wewe ndiwe msemaji wao: waya niupeleke kwa nani?"

Semeni akakimbilia kwa Bi Kilua. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Malizaneni wenyewe. Mimi dole nimetoa."

Akarudi, akawakuta wenzake wameshashikana maneno.

"Bila macho yangu mngejua nini?"

"Macho yako yangeleta fomu? Siku kumi na moja nimekaa, Sechonge, mpaka nikaota sugu!"

"Tuingie wote fremu moja," Semeni akasema. Wakapima kwa hatua. Friza likiingia, kiti cha kinyozi kinabaki barazani; cherehani ikiingia, friza halifunguki mlango.

Fundi alikuwa juu ya ngazi, waya mkononi, akitazama saa. Wenzake wakamgeukia Semeni, wakingoja aseme lake. Na ulimi ule uliomtahayarisha mkuu wa ofisi ukamkauka kinywani, maana kila neno la kujiokoa lilikuwa neno la kuwazamisha wenzake wawili. Nyuma yake friza lilikuwa limeanza kuvuja, maji yakitambaa sakafuni kuelekea mlangoni.

Msiniambie wagawane. Kama kugawana kungewezekana, nisingewachosha masikio. Wala msiniambie Mungu atafungua njia. Fundi anashuka ngazi sasa hivi. Aliyeona, aliyekaa, aliyesema: angepungua mmoja tu, waya usingekuwepo.

Je, wewe ungeuingiza mlango wa nani? Na wale wawili ungewaambia nini, huku wanakutazama?