Kitako cha Bunduki ya Kapalata

Tajiri Kapalata alikuwa na mazoea ya kuwapiga risasi bata wa majirani kisha kudai kuwa ni ndege wa porini. Siku moja akampelekea Nyamizi, fundi wa kuchonga, ile bunduki yake ndogo ya kuwindia.

"Nichongee kitako kipya cha mninga, kizuri kuliko vyote. La sivyo, bata wako ndio watakaofuata."

Nyamizi akachonga twiga, akachonga maua, akakisugua mpaka kikang'aa. Kapalata alipokiona akanyoosha mkono akipapase.

"Ila kina masharti, bwana," Nyamizi alisema. "Jasho hukitia madoa, na umande hukipasua."

"Sasa nitawindaje?"

"Kuwinda ni kwa wenye bunduki za kawaida. Hii ni ya kutazamwa na wageni."

Kapalata akavimba kichwa, akaitundika sebuleni.

Tangu hapo bata wa kijiji kizima wakawa wanakunya barazani kwake bila wasiwasi.