Nati za Mwanamkuu

Ukizichora nati zote, macho hayakungoji. Mnacheka, eti macho yaende wapi? Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Mwanamkuu alikuwa mbunifu wa yale magari ya reli ya viwanja vya burudani, yanayopanda na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe. Babake, Mzee Kombo, alikuwa seremala wa bembea za sikukuu. Macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayana dawa. Akabaki na ombi moja tu: alione gari la mwanawe likizunguka kwenye kompyuta kabla hajapofuka.

Mchoro wa reli ulishakamilika. Lakini Mwanamkuu, loo, hakuridhika! Alichora kila nati, kila kiungo cha chuma. Kila gari liliposogea, kompyuta ilizichora upya nati zote, hata za mbali zisizoonekana. Ikaunguruma, ikachemka, na gari likaenda kwa kwikwi hadi likaganda mlimani.

"Mwanangu," Mzee Kombo alisema, "mimi bembea zangu sikuzitia nakshi kileleni. Nani atapanda huko kutazama? Ziondoe za mbali, nione linavyokwenda."

"Subiri kidogo, Baba. Nataka ulione likiwa zuri."

"Mimi nataka kuliona likienda."

"Wiki moja tu, Baba."

Wiki ikazaa wiki. Mwanamkuu akapunguza nati mbili hapa, akaongeza tano pale, roho ikimuuma kufuta kazi ya mikono yake.

Asubuhi moja Mzee Kombo alipapasa mezani akitafuta kikombe cha chai, nacho kilikuwa mbele yake. Mwanamkuu akaona, moyo ukampasuka. Akakimbilia kompyuta, akafuta nati zote za mbali. Chai ilikuwa haijapoa alipomaliza. Gari likapanda, likaporomoka, likapinda kona bila kukwama hata mara moja.

"Mbona kompyuta imenyamaza?" mzee aliuliza, uso ameuelekeza ukutani. "Linakwenda?"

"Linakwenda, Baba."

"Hizo nati, zinaonekana?"

"Hazionekani, Baba. Na wala hakuna kilichopungua." Akaangua kilio. "Nisamehe, Baba. Kumbe ilikuwa kazi ya dakika chache tu!"

Mzee akaunyoosha mkono, akaupata ukingo wa meza, akaushika kwa nguvu kama abiria. "Basi nisimulie. Anza pale linapopanda."

Akamsimulia, mara tatu. Na tangu hapo, Mwanamkuu akimwona mtu anakawia kwa madoido, humwambia taratibu: ukizichora nati zote, macho hayakungoji.