Fisi Aliyeingia Kutoa Notisi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na nyumba.
Na nyumba ikawa na nini?
Na mwenyewe.
Basi huyo mwenyewe ndiye balaa. Kaeni chini, fungeni midomo, na anayetaka kulia akalie nje.

Palikuwa na kichuguu kikubwa. Mchwa walikwisha kukihama, mashimo yao yakabaki kama vyumba na vijia. Fisi akakizunguka, akakikojolea kila upande, akasema ni chake. Hakukijenga, hakukichimba, alikikojolea tu, na watu wakaanza kumwita baba mwenye nyumba. Zipo nyumba zilizopatikana hivyo, msicheke.

Mpangaji wake wa kwanza alikuwa Bi Panyabuku. Siku moja mvua inanyesha, Fisi akasimama mlangoni, akasema, "Hama sasa hivi."

Bi Panyabuku alikuwa na watoto wachanga. Akamng'ata mmoja ukosini, akambeba mpaka kichakani, akarudi kumchukua wa pili. Hayupo. Wa tatu, hayupo. Fisi amekaa pale pale mlangoni, anajilamba.

"Baba mwenye nyumba, wanangu wako wapi?"

"Sikuona mtu mimi. Si nilisema mhame? Labda wamehama."

Wanyama wakakaa kikao. Wakakata neno kwamba kuanzia siku ile mpangaji hatolewi kama takataka. Atapewa notisi, mchana, uso kwa uso, jirani akiwa shahidi, kisha aachwe mpaka mwezi mwingine uandame. Na asiyepewa notisi ya namna hiyo, haguswi, hasogezwi, havutwi hata kwa ukucha mmoja. Fisi ndiye aliyeitikia amina kubwa kuliko wote. Wenye meno machafu ndivyo walivyo.

Akaja kupanga Mama Nguchiro, mjane, mumewe kachukuliwa na tai. Akajifungua mle mle ndani, watoto watatu, macho hayajafumbuka. Jirani yake alikuwa Bi Kobe, mgumu wa gamba na mgumu wa maneno. Bi Kobe ndiye aliyemletea panzi na konokono, maana mzazi hatoki nje mpaka atimize arobaini.

Fisi akapata habari kwamba ndani kuna vichanga. Mate yakamjaa. Akapita njia ya mbali, hi-hii, hi-hii, akapaza sauti:

"Mama Nguchiro, hama leo."

Mama Nguchiro akawalalia wanawe kwa tumbo wasilie. Sauti yake ikatoka imenyooka.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba. Sauti naisikia, uso siuoni. Notisi hiyo haijakaa sawa."

"Haijakaa sawa," akasema Bi Kobe kutoka kivulini.

Fisi akaenda zake. Kesho akamtuma Kunguru, kwaa, kwaa, akatua juu ya kichuguu.

"Baba mwenye nyumba kasema uhame leo."

"Uso nauona, mwanangu, lakini si wa mwenye nyumba. Notisi hiyo haijakaa sawa."

"Haijakaa sawa," akasema Bi Kobe. "Na usije ukanya hapo juu."

Mara ya tatu Fisi akaja mwenyewe, jua la utosi, akamburuta Bi Kobe mpaka mlangoni awe shahidi.

"Haya. Mchana ndio huu, jirani ndiye huyu, na mimi ndiye huyu. Toka nje tuonane uso kwa uso."

Mama Nguchiro akajua kwamba akitoka tu, ya Bi Panyabuku yamemfika. Akanusa mlango wa nyuma, kitundu cha kupita yeye na mwanawe mmoja mdomoni. Akakumbuka ile kona ya pili ya kijia, iliyokuwa ikimbana hata yeye alipokuwa na mimba.

"Mimi mzazi, baba mwenye nyumba. Arobaini yangu haijatimia. Utanitoaje nje? Ingia wewe. Nyumba si yako?"

Fisi akanusa. Harufu ya maziwa ikamfika, akaisahau notisi, akausahau na mwezi. Akaparua mlango, para, para, para. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akajisukuma kona ya kwanza, akajisukuma kona ya pili, nga. Mbele haendi, nyuma harudi. Meno yake yakabaki shibiri moja kutoka kwa watoto, yanagongana ka, ka, ka, na pumzi yake inanuka mifupa ya zamani.

"Hama," akasema.

"Sasa imekaa sawa," akasema Mama Nguchiro. "Wala sitaki kungoja mwezi, nahama leo hii."

Akabeba mmoja, akatoka kwa nyuma. Akarudi, wa pili yupo. Akarudi, wa tatu yupo. Akawafunika chini ya gamba la Bi Kobe.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Fisi, nyembamba.

"Bi Kobe, dada yangu, nivute mkia."

"Nikuvute? Mama Nguchiro kahama. Anayekaa humo sasa ni wewe. Nikikutoa bila notisi nitakuwa nimedhulumu, na ulisema amina, nilikusikia."

"Basi nipe notisi."

"Notisi ni uso kwa uso, ndugu yangu. Mimi naona matako."

"Mama Nguchiro, uso wangu unaijua njia yake. Nipe wewe."

"Nitakupa, baba mwenye nyumba. Ngoja nitimize arobaini yangu."

Jioni ile mvua ikanyesha. Baada ya mvua wakatoka siafu, chwi, chwi, chwi, wakaingia kwa mbele na kwa nyuma. Hi-hii ikasikika usiku, asubuhi haikusikika.

Arobaini ilipotimia, Mama Nguchiro akaoga, akapita kitundu cha nyuma, akakaa mbele ya ule uso. Haukuwa na macho, wala ngozi. Akatoa notisi yake vizuri, neno kwa neno. Fisi hakupinga.

Ngano imefika kizingitini, nami siivushi. Iliyemkera akalale na njaa.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mheshimuni mwenye nyumba. Akiwaambia mhame, msibishane, hameni siku hiyo hiyo, kama alivyofanya Mama Nguchiro.