Korosho za Ng'ambo ya Kijito

Wapendwa, hebu nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na mkulima mmoja wa korosho kutoka Newala, mtu wa shaka kwelikweli. Hata chakula cha msibani hali mpaka amwone mpishi akionja. Mkulima huyu alibahatika kupelekwa ziara pamoja na wakulima wenzake kule Kambodia, nchi ya mbali Asia. Wenzake walipiga picha kwenye yale mahekalu mashuhuri, wakaridhika. Yeye alisema, "Mawe sijayafuata mimi. Nataka kuona korosho zao." Akafikishwa kijiji kimoja, kwa mama mjane aliyeishi na binti yake, mwalimu anayejua Kiingereza, ambacho mkulima naye alikijua kidogo.

Siku ya kwanza tu mama akanena neno, binti akafasiri: "Mama anasema ng'ambo ya kijito usiende. Ardhi ile ni mbaya."

Mkulima akatazama ng'ambo. Akaona mikorosho imetanda, imezaa mpaka matawi yameinama, na korosho zimetapakaa chini zinaoza. Ninyi wakulima mliomo humu, niambieni: ardhi mbaya inazaa hivyo? Akajisemea, "Hawa wana mbegu wanaificha."

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mama akinong'ona na jirani, ni yeye anayesemwa. Akielekea kijitoni, mama yuko nyuma yake. "Ananichunga kama mbuzi," akawaza. Usiku anasikia mlango wa chumba cha mama ukikomewa. Anakomea nini, kama hana cha kuficha?

Siku ya tatu, mama alipokwenda kisimani, mkulima akavuka kijito. Alikuwa ameshapita majani ya kiunoni, bado hatua chache afikie mkorosho wa kwanza, aliposikia sauti nyuma yake. Mama amesimama ukingoni, ndoo imemponyoka. Binti akaja mbio, akaita, "Usisogeze mguu. Kuna mabomu ya vita, yamezikwa humo. Hata baba yalimuua humo humo."

Mkulima akasimama pale pale. Na alipogeuza shingo, alimwona mama anaingia majanini. Anainama, anatafuta alipokanyaga mgeni, anaweka mguu wake hapo hapo. Anainama tena. Ilichukua muda mrefu mno. Alipomfikia alimshika mkono, akamgeuza, wakarudi vile vile, unyayo juu ya unyayo, mpaka majini.

Mkulima akakaa chini. "Mwambie mama anisamehe," akamwambia binti. "Nilimdhania vibaya. Sikumwamini hata siku moja."

Binti akafasiri. Mama akajibu taratibu, anakamua maji kwenye sketi yake.

"Mama anasema, hata yeye hakukuamini. Majirani walimwonya asikupokee. Ndiyo maana alikuwa anakomea mlango."

Mkulima akauliza, "Sasa kwa nini alinifuata mle?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Binti akasema, "Anauliza, ulitaka akuamini kwanza?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mnadhani nimekuja kuwaambia shaka ni dhambi? Wote wawili walikuwa na shaka. Mama huyu naye alimwogopa mgeni, akakomea mlango wake, na simlaumu. Ila shaka ya mmoja ilimpeleka kwenye mabomu, na mwenzake aliingia humo humo pamoja na shaka yake.

Sisi je? Jirani anaumwa, tunasema, "Yule simwelewi." Mkwe yuko matatizoni, tunasema, "Ngoja kwanza nimjue moyo wake." Tutamjua lini? Bwana alipotufuata sisi, alitukuta waaminifu? Kuna mtu leo amesimama majanini, nawe unajua ni nani. Humwamini. Sawa, usimwamini. Mfuate.