Kiganja cha Sultani Mwinyimvua

Palikuwa na sultani. Mimi ningeulizwa nisingemweka, lakini hatukuulizwa, na palikuwa naye. Jina lake Mwinyimvua, na tamaa yake haikuwa na mfuniko. Akiona ng'ombe wa watu, anamtaka. Akiona shamba la watu, hapati usingizi.

Ila hakupenda kuitwa mnyang'anyi. Akamwendea mganga mmoja, akapata kwake uganga wa kiganja. Masharti yake mepesi. Unanuia, uganga unashuka kwenye kiganja cha kulia na kukaa humo ukingoja. Wa kwanza kuguswa na kiganja hicho anakuwa bubu mpaka mwezi mpya uandame.

"Na ukitokea ubishi nani kaguswa," mganga akamwonya, "uganga utafuata hukumu yako mwenyewe. Kwa hiyo angalia unahukumu nini."

Sultani hakuangalia. Watu wa namna yake hawaangalii.

Basi ikawa hivi. Anakuita barazani, anakugusa paji la uso, kisha anakuuliza kwa upole, "Shamba lako nimelichukua. Una pingamizi?" Unafungua mdomo, hakitoki kitu. Hapo kadhi wake anakohoa na kusema, "Kimya ni ridhaa." Shamba limekwenda, tena kwa sheria.

Siku moja akakitaka kisima cha Bi Mize. Huyu alikuwa mjane, muuza mihogo ya kukaanga, na kwa mdomo hakuwa na mpinzani. Kisima chake ndicho pekee chenye maji matamu, mtaa mzima wa maskini ulichota hapo. Sultani alikitaka apate maji ya kuogeshea bata bukini wake. Nasema kweli, bata.

Alipoitwa, majirani walimshika nguo. "Bi Mize, usiende. Utanyamazishwa, na wewe bila mdomo utakuwa nani?"

"Nisipokwenda mtakunywa nini, machozi?" Akaenda.

Mlangoni bawabu akamsimamisha. Desturi ya jumba lile, maskini haingii barazani na matambara yake, maana Sultani huchefuka. Huvikwa joho la jumba, na akitoka hulivua. Joho lenyewe pana, mikono mirefu. Bi Mize akazama humo hata vidole havikuonekana.

"Usilichafue," Sultani alisema alipomwona. "Hilo joho langu."

"Lako, Maulana?"

"Langu, uzi kwa uzi."

"Mmesikia, jamaa," Bi Mize akawaambia waliokaa barazani. "Nisije nikasingiziwa wizi."

Sultani akanuia. Kiganja kikapata moto. Akaupeleka mkono kwenye paji la uso la bibi, Bi Mize akainama, mkono ukapita juu.

"Umeguswa," akasema Sultani.

"Nimeguswa wapi?"

"Nilikusudia paji la uso."

"Na mimi kila mwaka hukusudia kwenda Hija, Maulana. Kuna aliyewahi kuniita Hajati?"

Wazee wa baraza wakatazama mikeka, mabega yakiwatikisika. Sultani akajaribu tena. Bi Mize akawa yuko nyuma ya nguzo.

"Simama kama wenzako wanavyosimama."

"Kuku anayesimama, Maulana, huitwa kitoweo."

Hapo inzi akatua puani mwa Sultani. Na huo ndio ubaya wa uganga wa kiganja. Mkono wa kushoto umeshika fimbo ya enzi, nayo ni mwiko kuiweka chini baraza likiwa limekaa. Mkono wa kulia una uganga, na ukigusa pua, bubu ni mwenye pua.

"Maulana, una inzi."

"Namjua."

"Mbona humfukuzi?"

"Nyamaza."

"Si ndilo hilo tunaloshindania?"

Inzi akahama, akaanza kutembea juu ya mdomo. Sultani akashindwa kuvumilia. Akaruka kutoka kitini, akazunguka nguzo, akadaka ncha ya mkono wa joho.

"Nimekupata, kizee."

"Umepata kitambaa. Mimi nimo ndani huku, sijafikiwa."

Kadhi akatazama dari. "Juu ya jambo hili, Maulana, ziko kauli mbili."

"Iko moja, yangu," akasema Sultani, kitambaa bado kiko mkononi. "Nguo na mwenyewe ni kitu kimoja. Ikiguswa nguo ya mtu, kaguswa mwenyewe. Nimehukumu."

"Hutaigeuza kesho?" Bi Mize akauliza.

"Siigeuzi kesho wala keshokutwa. Kadhi, thibitisha."

"Imethibiti," akasema kadhi.

"Hata mwenye nguo akiwa mtu mkubwa?"

"Hata akiwa nani."

"Basi aliyeguswa hapa ni mwenye joho."

"Ndiye," akasema Sultani.

Hilo ndilo neno lake la mwisho mwezi ule. Alitaka kuuliza habari za kisima, mdomo ukafunguka, sauti haikuja. Akajaribu tena. Akamtazama kadhi, kadhi akamtazama yeye.

Bi Mize akalivua joho taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni pa mwenyewe, naye akasimama na matambara yake.

"Joho lako hilo, Maulana, uzi kwa uzi. Na sasa nauliza mbele ya wazee hawa. Kisima ni changu na cha mtaa wangu, na kila shamba na kila ng'ombe uliyemchukua arudi kwa mwenyewe leo hii. Una pingamizi?"

Sultani akafungua mdomo mpaka mwisho. Inzi akaingia.

Bi Mize akamgeukia kadhi.

"Haya kadhi, kohoa tumalize."