Mzee Osmund na Gari Lisilopanda Mlima

Hadithi hii imenifikia kwenye kundi la ukoo, na aliyeituma hakuandika neno lolote juu yake. Niliisoma, nikaweka simu chini, nikakaa. Sasa naituma kwako. Kama una mzazi aliye hai, isome polepole.

Mzee Osmund Ndunguru aliendesha malori tangu ujana wake mpaka mvi zikamkuta kwenye usukani. Alijenga nyumba Makambako, akasomesha watoto wawili, akamzika mke wake, akastaafu. Kisha kisukari kikamla mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Madaktari walipoukata, alisema, "Basi, leseni wameichukua," akageukia ukutani.

Mwanawe Alkuin alifanya kazi Njombe, na kila Jumapili alikuja kumwona. Binti yake Benigna aliishi naye pale nyumbani na kumhudumia. Wote wawili walimpenda baba yao, hilo naomba ulishike, maana hadithi hii haina mtu mbaya.

Jumapili moja Alkuin alikuja na mashine ya gemu, akaiunganisha kwenye runinga ya sebuleni. Ilikuwa gemu ya magari, aina ile ambayo hufungiwi kwenye uwanja wa mashindano. Unapewa nchi nzima yenye milima, miji na mashamba, unakwenda utakako. Unachagua gari, unaliingiza gereji, unalibadilisha injini, matairi na breki, unalipunguza uzito. Kila gari lina namba ya uwezo inayoonekana juu ya skrini, ili wanaoshindana wajue kama wanalingana.

Mzee aliichukua rimoti ya gemu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa panya. Baada ya saa moja alikuwa anamfokea mwanawe.

"Umejaza injini peke yake! Hili ni gari la kukimbia. La kusimama utalijenga lini?"

"Baba, hii ni gemu."

"Mteremko ni mteremko."

Siku hiyo Alkuin aliingia kwenye korongo mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka, na mzee akapita taratibu na breki zake nzuri, akipiga honi. Benigna alitoka jikoni kuangalia nani anacheka hivyo. Hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu hospitali.

Basi ikawa desturi. Wakitoka kanisani wanakula, kisha baba na mwana wanapandisha mlima mmoja mrefu wa kwenye gemu, wenye kona kali na msitu pande zote. Magari yao walikuwa wameyasawazisha kwa makubaliano, namba ya huyu sawa na ya yule. Leo anashinda baba, kesho mwana. Anayeshindwa anaosha vyombo, na mzee aliviosha akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu bila kununa.

Sasa, mzee alikuwa na jambo moja moyoni, na hakulificha. Alikuwa na dada yake mkubwa, Kandida, aliyekuwa akiishi Litembo, huko juu kwenye milima ya Umatengo walikozaliwa. Mama yao alifariki Osmund akiwa mchanga, na Kandida ndiye aliyembeba mgongoni na kumtafunia chakula. Sasa alikuwa ajuza asiyeona, hawezi safari. Waliongea kwa simu wakipiga kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na kila mara dada alisema, "Jogoo wako nimemtenga, anazeeka."

"Nipeleke Litembo, mwanangu," mzee alimwambia Alkuin. "Nataka anishike uso kabla mmoja wetu hajatangulia."

"Nitakupeleka, baba. Mvua ikikata."

Alikuwa anamaanisha. Lakini mvua haijakata, mzee akaugua tena. Kidonda cha mguu kilipata maambukizi, akalazwa. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, na Jumapili ile mikono ilimtetemeka. Walipopandisha mlima, gari lake liligonga miti, likaingia korongoni, likageuka matairi juu. Alkuin alifika kileleni peke yake, akabaki anamsubiri.

Mzee aliweka rimoti mapajani. Akajisukuma taratibu kwenda kuosha vyombo.

Moyo wa Alkuin ulivunjika. Hapo ndipo alipofanya lile alilolifanya, na sote tungelifanya.

Gemu ile ilikuwa na kasoro. Tangu iliposasishwa, kulikuwa na namna ya kutoka gereji ambayo ilifanya namba iliyo juu ya skrini isibadilike, hata ukifunga vipuri vipya au ukivivua. Wajanja waliitumia kuficha nguvu za magari yao na kuwaonea wenzao. Alkuin aliitumia kuficha udhaifu. Mzee alipokuwa anaosha vyombo, mwana aliingia gereji, akaling'oa gari lake mwenyewe tabo, kile kifaa kinachoiongezea injini nguvu, akatoka. Namba ilibaki ileile. Mlima mmoja zaidi, baba akashinda.

"Umelala, dereva!" mzee alipiga kelele.

Alkuin aliondoka na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema gizani.

Wiki chache walikwenda hivyo, baba mbele na mwana nyuma. Halafu Jumapili moja, bila Alkuin kuongeza chochote, baba alibaki nyuma. Wakafika kileleni karibu sawa, na mwana akashinda kwa pua ya gari.

Alkuin alishtuka. Gari lake lilikuwa dhaifu. Mtu mwenye gari zima alipaswa kumwacha mbali. Akajiambia, mikono ya baba inakwisha. Akavua na matairi mazuri.

Wakawa sawa kidogo, kisha baba akabaki nyuma tena. Alkuin akarudisha injini ya kiwandani. Baba akabaki nyuma tena. Kila Alkuin aliposhusha, mzee alikuwa naye bega kwa bega Jumapili moja au mbili, kisha akapungua. Mwana alimwangalia kwa pembe ya jicho, akayaona mashavu yaliyoingia ndani, akahesabu moyoni kilichobaki. Safari ya Litembo ni barabara ndefu, na mwisho wake ni milima yenye vumbi na makorongo. Mtu asiyeweza kupandisha mlima wa kwenye runinga atapandaje ule?

Mvua ilikata.

"Barabara imekauka, Alku," mzee alisema. "Twende."

"Gari langu linahitaji matengenezo kwanza, baba."

Mwezi uliofuata akasema kazi zimembana. Uliofuata akasema upepo wa baridi kule juu si mzuri kwa kifua. Mzee aliitikia, "Sawa, mwanangu," kila mara kwa sauti ndogo kidogo kuliko ya mwanzo. Hakubishana. Mtu anayesukumwa kwenye kiti hujifunza kutobishana na wanaomsukuma.

Daktari alikuwepo. Benigna alikuwepo, akimwona baba yake kila siku ya Mungu. Mzee mwenyewe alikuwepo, na mdomo wake mzima. Alkuin hakumwuliza hata mmoja wao kama safari inawezekana. Aliiuliza runinga.

Jumapili yao ya mwisho ilikuwa kichekesho. Magari yote mawili yalipanda mlima yakikohoa. Lori la mbao la kwenye gemu, lile linalojiendesha lenyewe ili kupamba barabara, likawapita wote wawili. Halafu basi likawapita. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Tumekwisha, mwanangu! Tumepitwa na mbao!"

Alkuin alicheka naye, lakini ndani alikuwa analia. Aliamua siku ile kwamba Litembo haiwezekani tena, na kwamba hatamwambia baba, atazidi tu kuahirisha mpaka mwenyewe asahau.

Mzee hakusahau. Alhamisi asubuhi Benigna alimpelekea uji, akamkuta ametulia kitandani, moyo umesimama usingizini. Daktari alisema ni moyo, ghafla, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazamia.

Walimzika Makambako, kando ya mkewe. Shangazi Kandida hakuweza kuja. Alilia kwenye simu.

Matanga yalipokwisha na ndugu kutawanyika, Alkuin aliketi sebuleni, akaiwasha mashine. Alitaka kuliendesha gari la baba yake mara moja tu, ahisi zile breki. Akalichagua, akalitia barabarani, akaupanda mlima ule.

Halikupanda.

Alikanyaga mafuta yote, gari likavuta pumzi, likasimama kwenye kona ya kwanza na kuanza kurudi nyuma. Alkuin alidhani gemu imeharibika. Akaliingiza gereji kulikagua. Tabo hakuna. Matairi ya mwanzo kabisa. Injini ilikuwa ndogo kuliko ile ya kiwandani. Mtu alikuwa ameitafuta makusudi iliyo dhaifu zaidi, akaifunga. Namba juu ya skrini ilisema uwezo uleule wa zamani.

"Benigna!" aliita. "Nani amelichezea gari la baba?"

Dada yake alikuja, akaangalia skrini, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Mwenyewe, kaka."

"Mwenyewe vipi?"

"Alikujua tangu mwanzo. Alikuwa anashinda na hii mashine siku nzima wewe ukiwa kazini, hiyo kasoro akaiona peke yake. Alipopata nafuu akasema, Alku ananionea huruma, ananingoja kwenye mlima. Akasema, mimi siwezi kumpita mtu anayenisubiri, hayo si mashindano. Kwa hiyo ukishusha, anashusha. Anasawazisha. Alikuwa anasema, tutaona nani ataona haya kwanza aseme. Hii injini ya mwisho aliifunga Jumatano, ili mcheke Jumapili."

"Kwa hiyo alikuwa ananifikia na gari la namna hii?"

"Na wiki zile za mwisho alikuwa anakungoja wewe useme. Mikono ilikuwa imepona, kaka. Alikuwa anakata mboga mwenyewe. Alikuwa anajinyanyua mwenyewe kutoka kitandani. Ulikuwa unakuja Jumapili unamkuta ameketi, ukadhani ameketishwa."

Alkuin aliweka rimoti chini. Benigna akamtazama, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Kaka. Hiyo ndiyo sababu hukumpeleka Litembo?"

Alkuin aliinamisha kichwa. Dada yake akafunika mdomo kwa mkono. Angejua, angesema. Mzee naye angejua kwamba mchezo wake unahesabiwa hivyo, angelifunga gari lile kila kipuri kilichomo gereji na kumwacha mwanawe kwenye vumbi. Baba alidhani wanataniana. Mwana alidhani wanaagana. Walikaa sebule moja Jumapili hadi Jumapili, na swali la maneno matatu, "Baba, safari unaiweza?", halikutoka.

Wiki iliyofuata Alkuin alisafiri kwenda Litembo peke yake. Barabara ilikuwa njema kuliko alivyoihofia. Alilala Songea, akafika siku ya pili jua likiwa bado juu, bila kuchoka sana.

Shangazi Kandida alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea."

Akampapasa uso, paji, pua, taya. Vidole vyake vikasimama kwenye taya muda mrefu.

"Taya la Osmund hili," alisema. Kisha akashusha mikono. "Niambie kweli. Alikuwa hoi kiasi gani? Mimi najiambia alikuwa hawezi hata kukaa, ndiyo maana hakuja. Nikijiambia hivyo ndipo napata usingizi."

Alkuin angeweza kumwachia usingizi ule. Lilikuwa jambo jepesi, na lingeonekana la huruma. Lakini huruma ya namna hiyo alikuwa ameshaijua mwisho wake.

"Hakuwa hoi, shangazi," alisema. "Nguvu za kufika alikuwa nazo. Mimi ndiye nilidhani hana, na sikumwuliza."

Ajuza aligeuza uso kuelekea barabarani. Kuku walipita uani wakiparua udongo.

"Basi ungemleta, mwanangu," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwepo tu hapa."

Funzo: Umpendaye usimpime nguvu zake kimyakimya ukamwamulia, mwulize, naye akujibu kwa kinywa chake. Huruma isiyouliza humzika mtu angali hai.